Mnyauko wa migomba: Tuadhibu kuficha, tusiadhibu kuugua

Jirani yetu mmoja kule nyumbani Muleba aliamka usiku wa manane, akachukua panga na kuangusha mgomba uliokuwa umeanza kunyauka nyuma ya jiko lake. Akaukatakata, akaufunika kwa majani makavu, akarudi kulala. Asubuhi mjomba wangu, ambaye panga lake lilikuwa limevunjika mpini, akapita kuazima panga lile lile. Hakuambiwa kitu. Msimu haukuisha kabla vibanja vitatu vinavyopakana havijaingia ugonjwa.

Kwa miaka mingi nilimhesabu jirani yule kuwa mtu mbaya. Siku hizi simlaumu tena. Sheria ndogo ya kijiji wakati ule ilisema atakayekutwa na mgomba mgonjwa atalipa faini na kibanja chake kitafyekwa. Yeye alikuwa na watoto watano, mfuko mtupu na migomba isiyozidi mia moja. Alifanya ambacho wengi wetu tungekifanya.

Hoja yangu leo ni kwamba sheria za namna hiyo, hata zikitungwa kwa nia njema, zinaulisha ugonjwa badala ya kuuua. Sisemi hivyo kwa huruma tu. Nasema kwa sababu hesabu inasema hivyo, na hesabu yenyewe ni ndogo kiasi kwamba mtoto wa darasa la saba anaweza kuisimamia.

Ugonjwa tunaouzungumzia

Mnyauko bakteria wa migomba, ambao wengi mkoani Kagera wanauita unyanjano, ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, kwenye ensete, mmea wa jamii ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, ambako wakulima wa Buganda waliupa jina la kiwotoka. Ukaingia Kongo mashariki, Rwanda ikaupata mwaka 2005, Kagera na magharibi mwa Kenya mwaka 2006, na Burundi mwaka 2010.

Dalili zake mkulima wa ndizi anazijua. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ua dume linasinyaa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina madoa ya kahawia. Ukikata shina unatoka ute wa manjano. Mpaka leo hakuna dawa ya kupulizia inayoutibu.

Njia zake za kusafiri nazo zinajulikana. Wadudu, wakiwemo nyuki, wanaubeba kutoka ua dume hadi ua dume. Panga na visu vinaubeba kutoka shina hadi shina. Machipukizi yaliyochukuliwa kwenye shamba gonjwa yanaubeba mbali zaidi, na mbuzi au ng'ombe aliyeachiwa ale mabaki naye anaweza kuubeba.

Mwenye kuangalia vizuri orodha hiyo ataona kwamba, ukiacha gari la machipukizi, safari nyingi za ugonjwa huu ni fupi. Ni za kwa jirani. Na kwa Mhaya, ambaye kibanja chake kimeizunguka nyumba na kugusana na kibanja cha mwenzake, jirani yuko hatua chache tu.

Hesabu ya daftari la miraba

Mtindo wa kuyapigia magonjwa hesabu haukuanza jana. Ronald Ross, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayesambaza malaria, aliandika baadaye kwamba si lazima kuua kila mbu ili malaria iishe. Inatosha kuwapunguza mpaka chini ya kiwango fulani, na ugonjwa utajifia wenyewe. Mwaka 1927 wanasayansi wawili wa Edinburgh, Kermack na McKendrick, waliiweka fikra hiyo katika milinganyo inayotumika hadi leo. Kermack alikuwa kipofu kwa ajali ya maabara, na hesabu zake alizifanya kichwani.

Milinganyo ile ya mwanzo ilichukulia kwamba kila mtu anaweza kukutana na kila mtu. Kwa mafua ya mjini inafaa. Kwa migomba haifai, kwa sababu mgomba hauendi sokoni. Mgomba unamjua jirani yake tu. Kwa hiyo wanahisabati walitengeneza hesabu nyingine, ya majirani.

Mpenzi msomaji, chukua daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba ni kibanja, na kila kibanja kina majirani wanne: juu, chini, kulia na kushoto. Weka alama ya ugonjwa katikati. Sasa jiulize swali moja tu: mpaka kufikia siku ambayo kibanja kile kitasafishwa, ugonjwa una nafasi gani ya kuvuka kila mpaka?

Tuseme nafasi hiyo ni 2 kati ya 10. Chukua vijiji 10, kila kimoja kikiwa na kibanja kimoja kigonjwa. Hiyo ni mipaka 40, na kwa wastani ugonjwa utavuka 8. Kila kibanja kipya kina mipaka mitatu mingine, maana wa nne ndio ule ulioingilia. Hiyo ni mipaka 24, na ugonjwa utavuka karibu 5. Zamu inayofuata ni 3, halafu 2, halafu 1, na moto unazimika. Vibanja 10 vya mwanzo vimezaa kama vingine 20, basi.

Sasa iwe nafasi ni 6 kati ya 10. Mipaka 40 inavukwa mara 24. Mipaka 72 inayofuata inavukwa mara 43. Kwenye daftari baadhi ya majirani ni wale wale, kwa hiyo idadi halisi huwa pungufu ya hapo. Lakini moto huu una nafasi ya kwenda bila kuzimika mpaka mwisho wa karatasi, na mwisho wa karatasi ndio mwisho wa wilaya.

Mpaka kati ya hali hizo mbili uko wapi? Kwa daftari la miraba jibu ni nusu kamili, na mwaka 1980 mwanahisabati Harry Kesten alilithibitisha. Chini ya nusu ugonjwa lazima ukome wenyewe. Juu ya nusu unaweza kuendelea bila kikomo.

Hapa ndipo viongozi wetu wengi wanapokosea. Wanadhani juhudi nusu zinaleta matokeo nusu. Ukitoka 6 kati ya 10 kwenda 4 kati ya 10, kwa macho umepunguza theluthi tu. Kwa hesabu ya ujirani umetoka kwenye janga la wilaya ukaja kwenye tatizo la kitongoji. Na kijiji kinachojitahidi kikaishia kwenye 5 na nusu kinaweza kutoka jasho mwaka mzima kisha kikasema kampeni haifai kitu.

Wiki nne za aibu

Nafasi ya kuvuka mpaka haikuandikwa mbinguni. Inategemea mambo mawili: mgomba mgonjwa unasimama wiki ngapi, na kila wiki unaambukiza kiasi gani.

Tuseme, kwa mfano tu, kila wiki mgomba mgonjwa unapoachwa umesimama kuna nafasi 1 kati ya 10 ya ugonjwa kuvuka mpaka mmoja. Jirani atanusurika wiki ya kwanza kwa nafasi 90 katika 100. Wiki mbili, 81. Wiki nne, 66. Wiki nane, 43. Maana yake ni kwamba mgomba uliokatwa baada ya wiki nne umempa jirani hatari ya 34 katika 100, na ule uliofichwa wiki nane umempa hatari ya 57.

Angalia kilichotokea. Thelathini na nne iko chini ya nusu, hamsini na saba iko juu yake. Kwa mfano huu mstari unapita kati ya wiki ya sita na ya saba. Ugonjwa ni ule ule, migomba ni ile ile, wadudu ni wale wale. Kilichoongezeka ni wiki nne za mtu kuona aibu na kuogopa faini.

Tena wiki za mwanzo si zetu. Mgomba unaweza kuwa na vimelea kabla jani halijageuka manjano, na wakati huo hata afisa ugani haoni kitu. Wiki zilizo mikononi mwetu ni zile za baada ya dalili kuonekana, na ndizo ambazo faini inazirefusha.

Usafi nao una nguvu yake. Ukivunja ua dume mapema, na ukachoma panga kwenye moto au kulichovya kwenye maji ya jiki kabla ya kugusa shina jingine, tuseme hatari ya kila wiki inashuka hadi 1 kati ya 20. Kwa wiki nane hatari ya jirani inakuwa 34 katika 100, sawasawa na yule aliyewahi kwa wiki nne bila usafi. Ukifanya yote mawili, kuwahi na usafi, inashuka hadi 19. Hapo umerudi kwenye ule mfano wa kwanza, ambapo moto unazimika wenyewe.

Nakiri kwamba namba hizo za wiki ni za kufundishia. Vibanja halisi si miraba, kuna mwenye majirani wawili na kuna mwenye saba. Shamba la ndizi za pombe ambalo maua dume yameachwa yaning'inie linaambukiza kuliko shamba la ndizi za kupika linalohudumiwa kila wiki. Kizingiti chako kinaweza kisiwe nusu. Lakini kizingiti kipo, na wiki za kuficha zinakusukuma upande mbaya wake.

Waingereza walipofuata ramani

Kuna atakayesema: kama jirani ndiye hatari, basi tufyeke cha mgonjwa na cha jirani yake pia. Hoja hiyo iliwahi kujaribiwa na taifa tajiri, na inafaa tujue ilivyokwenda.

Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa Uingereza. Siku chache baadaye serikali ikapiga marufuku kusafirisha mifugo, lakini ilikuwa imechelewa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mashamba yasiyopungua 57 yalikuwa yameshaambukizwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa, mengi yao kupitia kondoo waliopita minadani na mikononi mwa wafanyabiashara.

Mwezi Machi wataalamu wa hesabu za magonjwa wakaingizwa katika kamati za serikali. Hesabu zao zilikuwa za ujirani, kama zetu, ila kwa kompyuta na ramani za mashamba. Ikatoka amri: mifugo ya shamba gonjwa iuawe ndani ya saa 24, na ya mashamba yanayopakana nalo ndani ya saa 48. Ugonjwa ulikoma mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Mashamba 2,026 yalithibitishwa kuugua, na wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa. Serikali ilitumia zaidi ya pauni bilioni 3, na sekta binafsi ilipoteza zaidi ya pauni bilioni 5.

Tangu hapo wataalamu wamebishana. Wapo wanaosema amri ya jirani ndiyo iliyouzima moto. Wapo wanaosema kuwahi kuua kwenye shamba gonjwa kungetosha, na kwamba wanyama wengi wazima walikufa kwa sababu ramani iliwaita majirani watu waliotenganishwa na mto au barabara. Mimi nachukua mafunzo mawili. La kwanza, kuwahi kwenye shamba gonjwa hakuna anayekubishia. La pili, jirani wa kwenye ramani si lazima awe jirani wa ugonjwa, na anayejua tofauti hiyo ni mwenye kijiji.

Tena mfugaji wa Uingereza alilipwa fidia. Mkulima wetu akifyekewa shamba zima anabaki na udongo. Na kwa bahati nzuri mnyauko hautudai hivyo. Majaribio yaliyofanywa mashariki mwa Kongo yameonyesha kwamba si kila chipukizi la shina gonjwa linaugua. Ukikata usawa wa ardhi kila mgomba wenye dalili mara uonapo, ukaacha mingine, ukarudi kukagua mara kwa mara, huku ukivunja maua dume na kusafisha panga, ugonjwa unashuka sana ndani ya miezi na kibanja kinaendelea kulisha nyumba. Sharti ni usikatize, na majirani wafanye pamoja nawe.

Panga la dalali

Sasa nigeukie wafanyabiashara wa ndizi, ambao nao wanasoma kurasa hizi.

Hesabu ya daftari inashika pale tu ugonjwa unapotembea kwa miguu. Akitokea mtu anayeruka miraba, hesabu yote inavurugika. Dalali anayeingia vibanja kumi kwa siku na panga moja, akikata mikungu kwa kila mwenye kuuza, anavifanya vibanja vile kumi kuwa majirani hata kama viko kata tatu tofauti. Lori la machipukizi kutoka wilaya yenye ugonjwa ni hivyo hivyo, kama ule mnada wa kondoo wa Waingereza.

Sisemi tuwafukuze madalali. Bila wao mkungu unaozea nyumbani. Nasema kanuni iwe moja: mwenye kibanja akate mkungu wake kwa panga lake, dalali apokee barabarani. Asichukue majani ya kufungia mzigo kutoka shamba asilolijua, na asiuze machipukizi ambayo hawezi kusema yametoka wapi. Hayo hayamgharimu hata shilingi mia. Siku ndizi za Kagera zitakapokatika, yeye ndiye wa kwanza kukosa mtaji.

Tufanye nini

Kwanza, halmashauri na serikali za vijiji zigeuze sheria ndogo. Anayetoa taarifa ndani ya siku saba tangu kuona dalili asitozwe chochote. Faini ibaki kwa anayeficha, kwa anayeazimisha panga baada ya kukata mgomba mgonjwa, na kwa anayeuza machipukizi ya shamba gonjwa. Hapo sheria inaadhibu kitendo, haimwadhibu mtu kwa bahati mbaya.

Pili, anayetoa taarifa apate kitu mkononi. Sehemu ya ushuru wa mazao unaotozwa kwenye ndizi irudi kijijini kama machipukizi safi. Aliyekata migomba kumi apewe kumi. Watakaosema ni gharama wapige hesabu ya pale juu: mgomba uliotajwa mapema unazuia ugonjwa kwenye vibanja ambavyo mwenyewe hata havijui. Anayelipwa kwa kusema leo anawanusuru watu watatu ambao kesho wangekuja kuomba chakula cha msaada.

Tatu, ukaguzi uwe wa kijirani. Mwenyekiti wa kitongoji agawe kaya kumikumi, na kila Jumamosi asubuhi kaya hizo zipite pamoja vibanja vyote kumi, mwenye kibanja akiwepo. Kijiti chenye panda cha kuvunjia maua dume kiwe mkononi, na moto wa kuchomea panga uwe umewashwa. Mkiona mgomba mgonjwa, ukatwe pale pale, mabaki yarundikwe mahali pamoja, mbuzi wasifike. Kazi ya saa moja.

Najua wapo wanaoamini kwamba Mwafrika bila fimbo haendi. Nawauliza: miaka yote ya fimbo, wagonjwa wangapi walijitokeza wenyewe? Moto unaofichwa ndani ya nyumba haumalizi nyumba moja.

Mjomba wangu alikwisha panda upya. Na yule jirani naye alipanda, kwa machipukizi aliyopewa na mjomba, maana ujirani haufi kwa mgomba. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, ningesema kwa nani? Kila aliyekuwa na masikio alikuwa na kitabu cha faini."

Tukifute kitabu kile, tuweke cha machipukizi mahali pake. Hesabu itafanya kazi iliyobaki.